Nyumba Tisa na Fundi Meno

Tarehe 6 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo nyingine ya akiba, maana najua ya kwanza hutaiitikia mpaka ujue nina shida gani. Huku hatujambo. Baba goti linamsumbua lakini hataki kusikia habari ya mkongojo, anasema mkongojo ni wa wazee. Mama amepaka jiko rangi ya manjano, tena ya kukolea, ukiingia asubuhi lazima ufumbe jicho moja. Bibi ndiyo usiseme. Juzi kamfukuza fundi bomba kwa sababu aliingia ndani na kofia, bomba likaendelea kuvuja siku mbili.

Nimekupigia simu mara sita. Ya sita akapokea yule daktari wa mlango wa pili, akasema, "Mikono yake imo kwenye plasta ya kutengenezea meno. Kasema mwenye shida aandike." Haya, mwenye shida naandika.

Bibi anatimiza miaka tisini mwezi wa nane na ukoo mzima utakutana nyumbani kwake tarehe kumi na nane. Kamati imeshaundwa. Mwenyekiti ni nani kama si Baba Mkubwa? Yule hata kwenye foleni ya posta ni mwenyekiti. Wameamua mti wa ukoo uchorwe kwenye karatasi kubwa na kutundikwa sebuleni, na kwa kuwa kazi yangu ofisini ni kuchora ramani za majengo, mzigo umeniangukia. Sikukataa. Nilijiona wa maana kidogo, nisikufiche.

Baba Mkubwa akanipa orodha ya majina. Imepangwa kwa nyumba: nyumba ya kwanza ni ya kwake, na mke, watoto, wajukuu, ya pili ni ya Baba, na hivyo hivyo, ukiingiza na binamu zenu, mpaka nyumba ya tisa. Nimechora siku nne. Nikahesabu watu, sitini na watatu. Nikahesabu tena. Shangazi, jina lako halimo. Si kwamba limekatwa, halimo tu. Orodha ni ya nyumba, na kwa Baba Mkubwa nyumba ni mume na mke. Nilipomuuliza akasema, "Aa, huyo mchoree pembeni." Sasa kwenye kazi yetu pembeni ndipo tunapoandika vipimo na jina la aliyechora. Nikuweke hapo pamoja na rula?

Niambie nikuweke wapi. Na niambie utakuja. Tangu tumzike Babu, miaka kumi na moja sasa, hujahudhuria jambo lolote la ukoo, na mimi nakuja kwako peke yangu kama mtoro.

Mtoto wa mdogo wako,
Chiriku

Nimesahau la muhimu! Baba Mkubwa meno yake ya bandia yamevunjika. Alikuwa anabishana na mfupa. Ameenda kwa fundi mwingine, na haya mapya yanagongana akizungumza. Kwenye kikao cha kamati alisema "ndugu wajumbe" tukasikia kama mtu anashuka ngazi na viatu vya mbao. Na ndiye mwenye hotuba siku hiyo.


Tarehe 27 Februari

Kwako Chiriku,

Marahaba, zote mbili. Nimeziweka kabatini.

Mimi mzima. Miaka sitini na miwili, meno yangu yote ya Mungu isipokuwa moja, na hilo moja nilijitengenezea mwenyewe, huwezi kulijua. Mwambie baba yako goti halijui kama yeye si mzee. Mwambie mama yako rangi ya manjano hupungua makali ukiichanganya na nyeupe, kama maneno ya baba yako mkubwa.

Kazi ipo. Wiki hii nimemaliza meno ya mpiga tarumbeta, mtu mgumu huyo. Kila nikimwekea anapuliza kwanza ndipo atafune. Na amekuja bibi mmoja na wanawe watatu. Ujanani alikuwa na mwanya, anautaka urudi kwenye meno mapya. Wanawe hawataki, wanasema mzee wa sabini na nane mwanya wa nini. Nikawaambia wakae nje, mwenye mdomo ni yeye. Nimemwekea mwanya wake. Alitabasamu mpaka mlangoni, akarudi akatabasamu tena.

Unaniuliza habari za kuwekwa. Mwanangu, mimi nilishajiweka. Nilianza na miaka kumi na tisa, nafagia kwenye zahanati ya meno. Fundi wa pale macho yalikuwa yanamwishia, akawa ananipa meno niyasugue, kisha nta niiyeyushe, kisha siku moja akanipa taya zima akasema, "Haya, nione." Nikaenda chuo miaka miwili, wanaume kumi na wanne na mimi. Karakana hii ni yangu, vyumba viwili vya nyuma ni vyangu, na kila mwaka nafunga wiki tatu naenda mji nisioujua, nakaa, natembea, nakula nisichojua jina lake, narudi. Alikuja mtu wa kunioa, si mmoja. Wa mwisho alikuwa na duka la vitambaa, mtu mwema kabisa, akasema tutafunga ndoa nikishafunga karakana, kwa sababu hapendi mke anayenuka plasta. Nikamshukuru kwa kusema mapema. Mwaka juzi alidondoka ngazini, akaja hana meno ya mbele. Nilimtengenezea, anatafuna vizuri sana.

Watu husema, maskini, hana wa kumfungulia mlango. Mlango wangu una ufunguo, na ufunguo ninao mimi.

Kwa hiyo usihangaike na karatasi yenu. Imewatosha sitini na watatu, itawatosha. Na Agosti nina kazi nyingi.

Mwambie kaka asiyaloweke hayo meno kwenye maji ya moto, yatapinda. La, usimwambie. Ngoja yapinde.

Shangazi yako


Tarehe 12 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Nimecheka habari ya mwenye duka la vitambaa mpaka bosi akaja kuangalia kama nachora au vipi. Huku wote wazima. Mama amechanganya nyeupe, sasa jiko lina rangi ya siagi na anasema lilikuwa wazo lake.

Nakuandikia haraka kwa sababu mbili. Ya kwanza, Baba Mkubwa hali chochote ila uji. Meno mapya yamemtoboa ufizi. Anayavaa kwenye vikao tu, akifika nyumbani anayatoa na kuyatukana. Nilimwambia, "Si umwandikie Shangazi?" Akasema, "Shangazi yako alijitenga mwenyewe. Mimi sitamfuata mtu aliyenipa mgongo." Lakini nilimwona anapapasa shavu. Sasa mimi nakumbuka kwenye rafu zako zimo plasta zilizochukua umbo la midomo ya watu, na ya kwake niliiona. Huwezi kumtengenezea kimyakimya kutoka kwenye ile? Nitasema nimeyaokota.

Ya pili. Amesema ulimpa mgongo. Lini? Mimi nakumbuka siku ya mazishi ya Babu ulikuwepo, ulikuwa umevaa gauni la kijivu, na chakula kilipopakuliwa ulikuwa umeshaondoka. Nilikuwa na miaka kumi na sita, hakuna aliyeniambia kitu. Nilimuuliza Baba jana, akaanza kulalamikia goti lake. Nini kilitokea, Shangazi? Siulizi kwa umbeya. Ndiyo, kidogo kwa umbeya. Lakini mti huu nauchora mimi, kwa mkono wangu, na kila nikifika kwako mkono unakataa.

Chiriku


Tarehe 2 Juni

Kwako Chiriku,

Barua yako ya Machi niliipata, na kadi ya Aprili niliipata, na ile bahasha yenye alama ya kuuliza tupu ndani niliipata pia. Sijafa. Nilikuwa na kazi. Tena nilipaka ukuta wa mbele.

Mama yangu hajambo? Mwambie ile dawa ya mgongo ajipake jioni, asijipake asubuhi halafu akaenda kusimama juani.

Kuhusu meno. Haiwezekani. Plasta ya mdomo wa kaka ipo kweli, rafu ya pili, kati ya ya Baba yetu na ya mpiga kinanda mmoja. Lakini ni ya miaka kumi na miwili iliyopita, nilipoenda kumpimia nyumbani kwa Mama. Mtu akikosa meno, ufizi hunywea mwaka hadi mwaka, taya linabadilika. Nikitengeneza kwa plasta ile nitamtengenezea mtu ambaye hayupo tena. Meno lazima yafuate mdomo wa leo, na mdomo wa leo lazima niuone, aketi kwenye kiti, afungue, nimwekee trei ya ule unga laini wa kuchukulia umbo, ugande humohumo. Hakuna njia ya mkato. Hakuna pia njia ya mimi kumfuata na trei mkononi.

Plasta yake naifuta vumbi kila Jumamosi pamoja na nyingine. Hilo usimwambie.

Hayo mengine uliyouliza nimeyasoma.

Shangazi yako


Tarehe 15 Juni

Shangazi yangu,

Shikamoo. Bibi anakusalimu, anasema dawa anajipaka anapotaka, mgongo ni wake.

Leo sina utani mwingi. Jumanne nilienda kwa Baba Mkubwa kuuliza tarehe za kuzaliwa wajukuu, akanipa faili lake lote nijitafutie. Humo nikakuta asili ya ile orodha. Ile aliyonipa Februari ni nakala. Ya asili imeandikwa juu: Mazishi ya Baba, na tarehe. Nyumba ni zilezile, mpangilio uleule. Hakuandika orodha ya mti wa ukoo, Shangazi. Alichukua ile ya makaburini akaongeza wajukuu kwa kalamu nyekundu.

Ndipo nikakumbuka. Nilikuwa nimemshika Bibi mkono. Baba Mkubwa alikuwa anasoma: nyumba ya kwanza, wakasogea wakatia udongo, nyumba ya pili, tukasogea. Nilikuwa nalia, sikuhesabu. Nilikaa kwenye ngazi za Baba Mkubwa na karatasi ile, nikaisoma kwa sauti ndogo mpaka mwisho, na baada ya nyumba ya tisa nikaangalia chini kama kuna mstari mwingine. Hamna.

Wewe ulisimama wapi? Nakutafuta kwenye kumbukumbu yangu nakuona kwa nyuma kabisa, karibu na mwenye viti vya kukodi. Miaka yote nimekuwa nikidhani ulipenda kusimama kule.

Nimeona aibu. Nilikuwa mtoto, najua, lakini nimeona aibu.

Chiriku


Tarehe 29 Juni

Mwanangu,

Basi umejua.

Sikumwambia mtu, hata daktari wa mlango wa pili ambaye namwambia hadi bei ya nyanya. Nilisafiri siku nzima kwenda kumzika Baba. Nilisimama mbele, kati ya kaka na baba yako, mahali ninaposimama tangu tuzaliwe. Kaka akafungua karatasi. Ya kwanza ikaenda na watu wake. Ya pili ikaenda. Mimi nimebaki pale peke yangu, nimekamata mkoba. Nikasema labda wasioolewa wanasomwa mwisho. Nyumba ya tisa ilipomaliza, nikatanguliza mguu. Kaka akakunja karatasi, akasema, "Sasa tuwaombe wageni wetu."

Nikaenda na wageni. Ningefanyaje, mwanangu? Nirudi bila kumtilia Baba udongo? Nyuma yangu alikuwa mwenye viti. Baba yangu, aliyezikwa na meno niliyomtengenezea mwenyewe, yeye ambaye nilipopata cheti alifunua meno mbele ya watu wote akasema, "Tazameni kazi ya binti yangu," nikamtilia udongo kama mgeni.

Iliniuma. Inauma hadi leo, nikikuandikia hapa inauma. Nimefanya kazi miaka arobaini na mitatu, nimesomesha mafundi sita, sikuomba kwa mtu, sikumtegemea mtu, na ndugu yangu mwenyewe aliponipigia hesabu hakupata hata nusu mtu.

Haya, nimesema. Usimwambie kaka. Sitaki kuombwa radhi na mtu aliyesukumwa mgongoni. Akija, aje kwa miguu yake.

Nikiacha hayo, mpiga tarumbeta amerudi. Anasema sauti imekuwa nzuri kuliko zamani, na anataka nimtengenezee jozi ya pili ya kupigia harusini. Nimemwambia meno hayana ya harusini na ya nyumbani. Amekataa kunielewa.

Shangazi yako


Tarehe 14 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Naandika nimesimama, kwa hiyo usishangae mwandiko. Baba Mkubwa ameondoka na hatujui ameenda wapi.

Naapa sikumwambia neno. Nitakueleza ilivyokuwa, neno kwa neno. Alhamisi alikuja kukagua mti. Unajua anavyokagua, mikono nyuma. Mimi kati ya nyumba yake na nyumba ya Baba nilikuwa nimeacha nafasi tupu, nimeizungushia vistari vya kukatikakatika, ndivyo tunavyofanya ofisini kwa chumba ambacho mwenye nyumba hajasema ni cha nini. Akaweka kidole. "Hapa pana nini?"

Nikasema, "Nangoja kuambiwa."

Akasimama pale. Akaanza kuhesabu kwa vidole, kwa sauti, "Mama alizaa mimi, akazaa..." na kidole cha pili kikabaki hewani. Akaniomba orodha. Nikampa ile ya asili, ndiyo iliyokuwa mezani. Naam, niliiweka mezani makusudi, lakini meza haisemi. Akaisoma midomo ikicheza. Akaketi kwenye kigoda changu, kile cha magurudumu, kikateleza naye mpaka kabatini, na wala hakugomba. Ndipo nikajua mambo ni mazito.

"Siku ile nilisoma hii?"

"Ndiyo, Baba Mkubwa."

"Na yeye alisimama wapi?"

Sikujibu, Shangazi. Uliniomba. Akavaa kofia akaenda zake.

Jana asubuhi Mama Mkubwa kaamka kamkosa. Mfuko mdogo wa safari haupo. Ameacha maneno kwa jirani kwamba anaenda "kushughulikia jambo", na meno ameyaacha kwenye bilauri! Mtu anasafiri bila meno! Mama Mkubwa analia, halafu akiitazama ile bilauri anacheka, halafu analia tena. Simu yako haipokelewi, kama umesikia lolote tuma neno.

Chiriku


Tarehe 18 Julai

Kwako Chiriku,

Acheni kulia. Yuko hapa. Amelala chumbani kwangu na mimi nimelala karakanani kwenye kochi la wagonjwa, na ukitaka kujua, linafaa. Mwambie mke wake anakula. Namsagia kila kitu, hadi mchicha. Meno yatakuwa tayari Jumamosi. Nimeshayapanga kwenye nta, na safari hii nimempa rangi inayolingana na umri wake, maana yale ya zamani alinilazimisha niyafanye meupe kama ya kijana.

Niseme ya kuwaambia watu kwanza, ya kwetu baadaye.

Anasema hakujua. Namwamini. Anasema siku ya mazishi karatasi aliiandika asubuhi, juu ya goti, watu wanaingia na kutoka, na aliandika nyumba kwa sababu ndivyo alivyokuwa anagawa vyumba vya kulala. Nyumba ngapi, magodoro mangapi. Mimi nilikuwa nimesema nitalala kwa rafiki yangu, sihitaji godoro. Basi. Nilikosa godoro nikakosa baba. Kisha alipoinua macho akaniona natia udongo na wageni, akadhani nimefanya kusudi, kwamba nimeona ukoo haunifai. Akakasirika. Miaka kumi na moja amekasirika yeye, nimekasirika mimi, kila mtu ana haki yake mkononi anaibembeleza kama yai.

Mti wako, anasema, uniandike pale ulipoacha nafasi, kati ya ya kwanza na ya pili, kwa kuwa ndipo nilipozaliwa. Nyumba ya pili ni ya fundi meno. Wote walio chini wanashuka namba moja. Baba yako akilalamika kuwa wa tatu, mwambie aje anikabili, goti likimruhusu. Agosti nakuja. Nitafika siku mbili kabla, niyasugue meno ya mwenyekiti yasije yakampiga ulimi katikati ya hotuba.

Sasa ya kwetu.

Aliingia Jumapili saa nane mchana. Niliona kivuli mlangoni, nikadhani mteja. Ameshika kofia, mashavu yameingia ndani, mzee, mwanangu, kaka yangu amekuwa mzee. Sikumwamkia. Yeye akasema, kwa ule mdomo mtupu, nusu ya maneno upepo, "Nimekuja kutengenezwa." Nikamwonyesha kiti.

Sasa sikiliza. Ule unga wa kuchukulia umbo la mdomo, ukiukoroga na maji ya vuguvugu unaganda dakika mbili. Ukiukoroga na maji ya baridi unachelewa. Mimi nilifungua friji. Nilitoa chupa ya maji ya baridi kabisa, nikakoroga pole pole, nikajaza trei, nikamwekea taya la chini, nikashika kwa vidole viwili. "Usiseme, usimeze, usitikisike," nikamwambia, "ukitikisika tunaanza upya." Akaitikia kwa macho.

Basi nikasema. Nilisema yote ya makaburini, kama nilivyokuandikia, na mengine ambayo sikukuandikia. Nikamwambia nilivyomngoja aniite mpaka mguu ukafa ganzi. "Mm," akasema. Nikamwambia, "Bisha, ukitaka kubisha." "Mm-mm." Machozi yalikuwa yanamtoka, mimi nikasema labda ni trei imembana, nikailegeza kidogo. Haikuwa trei.

Ikaganda. Nikaitoa, nikaipeleka mezani, nikakoroga ya taya la juu. Maji ya baridi tena. Hakupata hata nafasi ya kujifuta. Nilimwekea papo hapo. Na hapo nikamwambia lile ambalo sikuwahi kumwambia mtu. Nikamwambia, "Kaka, mnanihurumia bure. Sikukosa kitu. Niliamka kila asubuhi miaka arobaini na mitatu nikitaka kuja hapa. Niliipenda kazi na niliwapenda nyinyi, na sikuona siku moja kwamba lazima niache kimoja. Nyinyi ndio mlioona. Nilipokuja na zawadi mliniuliza mali yangu itaenda kwa nani nikifa. Nilipofungua karakana hii nilikualika wewe wa kwanza, ukasema utakuja nikishapata mwenzangu. Leo ndiyo mara yako ya kwanza kukanyaga hapa, na umekuja kwa sababu huwezi kutafuna."

Ikaganda. Nilitoa trei. Sikumtazama, niligeuka nikaiosha, na nilikuwa najiandaa, maana unamjua kaka: yeye huanza na "Kwanza kabisa" na hafiki mwisho kabla ya "Kumi na moja". Maisha yake yote hajawahi kuniachia nimalize sentensi. Nilisikia anajifuta kidevu, anakohoa, kiti kinalia. Nikasema haya, inakuja.

"Endelea," akasema.

Nikamwambia, "Nimemaliza kuchukua umbo. Unaweza kusimama."

"Sisemi hilo la meno." Hakusimama. Kofia ilikuwa bado magotini, ameishika kwa mikono miwili. "Hujamaliza. Endelea."

Nikazima taa ya mezani, nikavuta kigoda, nikakaa mbele yake, nikaendelea.

Shangazi yako